Wajenzi wa madaraja na mahandaki: Maradhi yanayofika baada ya mkataba kwisha

TAREHE 12 Mei 2010, marais Jakaya Kikwete wa Tanzania na Armando Guebuza wa Msumbiji walifungua Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma. Daraja hilo lina urefu wa mita 720 na linaunganisha Mtambaswala, katika wilaya ya Nanyumbu iliyomegwa kutoka Masasi, na Negomano upande wa pili wa mto. Wazo lake lilikuwa la Mwalimu Julius Nyerere na Samora Machel tangu mwaka 1975. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005, katika siku za mwisho za utawala wa Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe alizaliwa Lupaso, Masasi.

Katika sherehe za aina hiyo husomwa urefu wa daraja, gharama zake na majina ya wageni waalikwa. Watu waliosuka nondo, waliopigilia mbao za kumwagia zege na waliosukuma matoroli ya kokoto huwa wamekwisha kulipwa na kutawanyika. Kambi imevunjwa, mashine zimehamishiwa mradi mwingine, na kibarua aliyechukuliwa kijijini amerudi kwenye mikorosho yake.

Hapo ndipo penye ugumu wa suala zima la afya ya wajenzi wa madaraja na mahandaki. Ajali huonekana siku ileile na huandikwa: mtu ameanguka kutoka kwenye jukwaa, nguzo imemwangukia, maji yamemchukua. Maradhi ya kazi hiyo hayana haraka. Huja baada ya miaka 5, 10 au 20, wakati mwajiri hayupo tena nchini na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mgonjwa huyo aliwahi kuwapo kwenye ujenzi.

Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2023, lilisema kazi husababisha vifo vya watu karibu milioni 2.93 kila mwaka duniani. Kati ya hivyo, vifo milioni 2.6 hutokana na magonjwa, na 330,000 tu hutokana na ajali. Kwa maneno mengine, kwa kila mfanyakazi anayekufa kwa ajali, takriban wanane hufa kwa ugonjwa unaohusiana na kazi. Hata hivyo, mabango yanayotundikwa kwenye malango ya maeneo ya ujenzi karibu yote huzungumzia ajali.

Historia ya Afrika Mashariki inao mfano maarufu wa jambo hilo. Mwaka 1898, wakati wa kujenga daraja la reli katika mto Tsavo nchini Kenya, simba wawili waliwashambulia wajenzi usiku kambini kwa miezi kadhaa. Hesabu za waliouawa zinatofautiana sana, kuanzia Wahindi 28 hadi watu 135 aliowataja baadaye mhandisi John Patterson, aliyewaua simba hao. Kisa hicho kimeandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu. Lakini katika ujenzi wa reli hiyo ya Uganda kwa ujumla, Wahindi waliokuja kufanya kazi walikuwa 31,983. Kati yao 2,493 walikufa na 6,454 walirudishwa kwao wakiwa hawajiwezi, wengi wao kwa malaria, kuhara damu, vidonda na maradhi mengine ya kambini. Magonjwa hayo hayakutengenezewa filamu. Waafrika waliokufa katika kazi hiyo hata hawakuhesabiwa kwa utaratibu unaoeleweka.

Ajali zenyewe

Si kwamba ajali ni jambo dogo. Ujenzi wa daraja unakusanya mahali pamoja hatari tatu ambazo katika majengo ya kawaida hazikutani: urefu kwenda juu, maji chini, na vitu vizito vinavyoning'inia katikati. Mtu anayefunga nondo juu ya nguzo ya mtoni anahitaji mkanda wa usalama unaoshika mwili mzima na uliofungwa mahali imara, jaketi la kuelea, na mashua ya uokoaji yenye mtu ndani yake, si iliyofungwa ufukweni. Ruvuma una mamba, na wakati wa masika maji yake hupanda kwa kasi. Kiangazi hubaki vijito na madimbwi kati ya matuta ya mchanga, na hapo wengi hudhani hatari imekwisha.

Mbao za kumwagia zege nazo hubomoka pale zinapoondolewa mapema, kabla zege halijakomaa. Kosa hilo hufanyika zaidi mwishoni mwa mkataba, wakati muda umebana na mkandarasi anakimbizana na tarehe ya kukabidhi kazi.

Vumbi la mawe

Anayefika Masasi kwa mara ya kwanza hawezi kuisahau milima yake ya mawe iliyosimama peke yake katikati ya tambarare. Mwamba huo mgumu ndio unaofaa kwa kokoto. Juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala kuelekea Tandahimba, hali ni nyingine: ardhi ni ya mchanga mwekundu na mwamba mlaini wa mchanga, usiofaa kwa zege la daraja. Kwa hiyo kila mradi mkubwa wa barabara au daraja katika eneo hilo unahitaji mahali pa kupasulia mwamba, kuusaga na kuusafirisha.

Mwamba wa aina hiyo una madini ya silika, yaleyale yanayopatikana katika mchanga. Jiwe linapotobolewa, kupasuliwa, kusagwa au zege kavu linapokatwa kwa msumeno, silika hutoka kama vumbi. Vumbi linaloonekana na kumfanya mtu apige chafya si lile baya zaidi. Hilo hunaswa puani na kooni. Baya zaidi ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huelea hewani kwa muda mrefu na kupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu.

Huko ndani, chembe za damu zinazolinda mwili huzimeza chembe hizo, hushindwa kuzisaga, hufa na kuziachia tena. Kila mzunguko huacha kovu. Baada ya miaka, pafu lililokuwa laini kama sifongo hugeuka kuwa na vinundu vigumu visivyopitisha hewa. Huo ndio ugonjwa uitwao silikosi. Hauna tiba. Zaidi ya hapo, unaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi, kwa sababu vumbi liko ndani tayari. Tangu mwaka 1997, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeiweka silika ya aina hiyo katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Aina ya kawaida ya silikosi huonekana baada ya miaka 10 au zaidi tangu mtu aanze kuvuta vumbi. Mahali penye vumbi zito sana, kama ndani ya handaki lisilo na hewa ya kutosha, ugonjwa unaweza kuja katika miaka michache, hata miezi. Tukihesabu kuanzia mwaka 2005 hadi 2010, Daraja la Umoja lilipojengwa, tunakuta kwamba yeyote aliyefanya kazi kwenye mashine za kusaga kokoto za mradi wowote wa miaka hiyo, iwe huko Ruvuma au kwingine nchini, sasa yuko ndani ya kipindi ambacho ugonjwa huo hujitokeza. Haina maana kwamba waliofanya kazi hiyo ni wagonjwa. Ina maana kwamba huu ndio wakati wa kuwatazama.

Na kuwatazama si kazi rahisi. Mkulima wa Newala anayekohoa ana sababu nyingi za kukohoa. Kila mwaka, takriban kuanzia Juni, mikorosho hupulizwa unga wa salfa dhidi ya ubwiri unga, na anayeshika bomba la kupulizia bila kinga huwashwa kifua na macho. Moshi wa kuni nao umo, na tumbaku imo. Zaidi ya yote upo ugonjwa wa kifua kikuu, ambao dalili zake zinafanana mno na za silikosi: kikohozi kisichoisha, kukonda, kuchoka, pumzi kupungua. Mambo yanazidi kuwa magumu kwa sababu magonjwa hayo mawili huambatana. Mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mapafu mazima. Mgonjwa anaweza kufika Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya wilaya ya Newala, akapimwa makohozi, akakutwa na kifua kikuu, akapewa dawa za miezi sita na kupona kifua kikuu hicho, lakini pumzi isirudi. Bila picha ya eksirei kusomwa na mtaalamu anayejua anachokitafuta, na bila mtu kumuuliza aliwahi kufanya kazi gani, silikosi itabaki imejificha nyuma ya ugonjwa unaojulikana.

Kinga ya vumbi hilo imejulikana kwa karibu karne moja, na ilijifunzwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1930 na 1931, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, wafanyakazi wengi wao wakiwa weusi waliohamia kutafuta kazi wakati wa mdororo wa uchumi walichimba handaki la maji la Hawks Nest kupitia mwamba wenye silika nyingi. Mwamba ulitobolewa mkavu kwa sababu kutumia maji kulichelewesha kazi. Kampuni ilikiri vifo 109. Daktari Martin Cherniack, katika utafiti alioutoa mwaka 1986, alikadiria kwamba waliokufa kwa silikosi walikuwa 764. Tangu hapo hakuna mhandisi anayeweza kusema hakujua: mwamba hutobolewa kwa mashine inayotoa maji kwenye ncha yake, mashine ya kusaga kokoto hunyunyiziwa maji, na msumeno wa zege huwa na bomba la maji.

Barakoa huja baadaye, kama kinga ya ziada. Kitambaa kilichofungwa puani, ambacho ndicho kinachoonekana mara nyingi katika machimbo ya kokoto, hakizuii chembe ndogo. Kinachofaa ni barakoa maalumu ya vumbi inayobana uso pande zote, na ambayo hubadilishwa inapochakaa.

Shida ya maji

Hapa ndipo uwanda wa Makonde unapotofautiana na vitabu vya usalama vilivyoandikwa kwingineko. Vitabu vinasema vumbi lizimwe kwa maji. Vinasema saruji ikimrukia mtu ioshwe mara moja kwa maji mengi. Vinasema mfanyakazi wa juani anywe kikombe cha maji kila baada ya dakika 20 hivi. Newala maji hayo yatoke wapi?

Uwanda huo ni wa mchanga unaonyonya mvua, na mito yake iko chini mabondeni. Kwa vizazi vingi akina mama wa Kimakonde walishuka na kupanda makorongo kufuata maji ya chemchemi. Mradi wa Maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, unasukuma maji kutoka bondeni, ikiwemo chanzo cha Mitema, hadi juu, na historia yake imejaa pampu zilizoharibika na foleni za ndoo. Mkandarasi anayetaka kunyunyizia barabara na kokoto anatumia maji yaleyale ambayo kijiji kinayasubiri. Asiponunua maboza yake mwenyewe na kuyaweka kwenye bajeti tangu mwanzo, kitu cha kwanza kupunguzwa huwa ni kunyunyizia. Vumbi halipigi kelele.

Kwa hiyo maji huhifadhiwa: kwenye mapipa, madumu, matangi yaliyo wazi na mashimo yaliyotandikwa turubai. Na maji yaliyohifadhiwa uwanda wa Makonde yana habari yake ya pekee katika historia ya tiba duniani.

Mwaka 1952 ulizuka katika vijiji vya uwanda huo, wilayani Newala na jirani zake, ugonjwa wa homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo kiasi kwamba mgonjwa hakuweza kusimama wima. Wenyeji waliuita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kile kinachokunja mwili. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliuandika mwaka 1955, na neno hilo, chikungunya, sasa ni jina rasmi la ugonjwa huo kuanzia India hadi Brazili. Huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, ambaye hutaga mayai katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, na Lumsden aliona uhusiano kati ya uhaba wa maji wa uwanda huo, desturi ya kuyahifadhi, na wingi wa mbu hao.

Mbu huyo huuma mchana. Chandarua, ambacho ndicho kinga kuu dhidi ya malaria usiku, hakimsaidii fundi anayefunga nondo saa nne asubuhi huku pipa la maji ya zege likiwa wazi hatua kumi kutoka aliposimama. Homa ya chikungunya kwa kawaida hupita katika muda wa wiki moja hivi na ni nadra kuua, lakini maumivu ya viungo yanaweza kudumu miezi, na kwa mtu anayeishi kwa nguvu za mikono yake huo ni msimu mzima bila kipato. Hakuna dawa maalumu ya kuutibu. Kinga yake ni ya gharama ndogo mno: kufunika mapipa, na kuyamwaga na kuyasugua walau mara moja kwa wiki, kwa kuwa yai la mbu huchukua takriban siku 7 hadi 10 kuwa mbu kamili.

Bondeni, kwenye mto, tatizo hugeuka. Maji yapo, lakini yana kichocho. Wadudu wake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, huingia mwilini kupitia ngozi, na mtu anayesimama kwenye dimbwi kwa saa nyingi akizungushia kingo za mchanga ili msingi wa nguzo uchimbwe ni mlengwa wao. Dalili inayojulikana zaidi ni damu kwenye mkojo, ambayo vijana wa kiume kusini wamezoea kuichukulia kama jambo la kukua. Kichocho kina dawa, na dozi yake ni nyepesi. Kisipotibiwa huharibu kibofu na figo. Mabuti marefu ya mpira na vidonge kwa kambi nzima ni gharama isiyofikia bei ya tairi moja la lori.

Joto lenyewe la bonde la Ruvuma ni hatari inayodharauliwa. Mwili unaofanya kazi nzito juani hupoteza maji na chumvi, na dalili za kwanza, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na kuchanganyikiwa kidogo, humpata mtu akiwa juu ya jukwaa. Anayeanguka kwa kizunguzungu huandikwa kwenye kitabu kama ajali ya kuanguka. Anayeanza kazi leo apewe mzigo mwepesi wiki ya kwanza hadi mwili uzoee. Hilo lingeokoa wengi, lakini malipo ya kibarua ni ya siku au ya kipande, na hakuna anayetaka kuonekana mvivu siku ya kwanza.

Kuhusu saruji inatosha kusema kwamba zege bichi ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Likiingia ndani ya kiatu na kukaa humo hadi jioni, huunguza ngozi hadi nyama bila maumivu makali ya mwanzo. Kwa baadhi ya mafundi, chembe za kromiamu zilizomo kwenye saruji huleta upele ambao, ukishaanza, hurudi kila wanapogusa saruji tena, na wapo wanaolazimika kuiacha kazi kabisa.

Ndani ya ardhi

Masasi na Newala hazina handaki la reli wala la barabara. Lakini fundi wa kutoboa mwamba hufuata mradi, na aliyejifunza kazi kwenye machimbo ya kokoto kusini anaweza kujikuta Kilosa au Mlimba. Tanzania ina mahandaki ya kutosha. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina mahandaki 22, mengi yakiwa katika kipande kigumu kati ya Mlimba na Makambako, na madaraja zaidi ya 300. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo, na makaburi yao yanatunzwa nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, inapita kwenye mahandaki manne katika milima ya Kilosa, yenye jumla ya urefu wa kilomita 2.6 hivi.

Katika handaki kila hatari ya juani huongezeka kwa sababu hewa haina pa kutokea. Vumbi la silika hujikusanya. Moshi wa dizeli wa malori na mashine, ambao mwaka 2012 ulithibitishwa kuwa unasababisha saratani, hubaki palepale. Baada ya kulipua baruti hutokea gesi zenye sumu. Moja wapo humlegeza mtu na kumlaza bila kunusa kitu, nyingine huunguza mapafu polepole, hata mtu akaondoka kazini mzima na kuzidiwa usiku akiwa kitandani. Ndiyo maana watu hawaruhusiwi kurudi ndani hadi mafeni yasafishe hewa na ipimwe kwa kifaa, si kwa pua. Kelele nazo hugonga ukuta na kurudi. Kiwango ambacho nchi nyingi hukitumia kuanza kudai kinga ya masikio ni desibeli 85 kwa saa nane, na mashine ya kutoboa mwamba huvuka hapo kwa mbali. Uziwi wake huanza kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo mhusika huanza kwa kuona watoto na wanawake wanaongea chinichini.

Kuna ugonjwa mmoja wa mahandaki ambao msomaji wa kusini ataujua kwa jina la nyumbani: safura. Wakati wa kuchimba handaki la Gotthard huko Uswisi, kati ya mwaka 1872 na 1882, wachimbaji, wengi wao Waitaliano, walianza kupauka, kuvimba miguu na kuishiwa nguvu. Mwaka 1880 madaktari wa Italia waligundua kuwa matumbo yao yamejaa minyoo ya safura. Handaki lilikuwa na joto na unyevu kama nchi za tropiki, vyoo havikuwapo, na watu walijisaidia mahali walipofanyia kazi. Baadaye Arthur Looss, akiwa Cairo, aligundua kwamba minyoo hiyo huingia kupitia ngozi. Dawa ya tatizo ikawa choo na viatu. Katika mkoa wa Mtwara, ambako ardhi ya mchanga yenye unyevu wakati wa masika inawafaa minyoo hao, kambi ya ujenzi isiyo na vyoo vya kutosha inarudia kosa la Gotthard, na fundi mwenye upungufu wa damu ndiye anayeteleza kwenye jukwaa.

Hatari nyingine ya zamani, ya kufanya kazi ndani ya hewa iliyogandamizwa chini ya maji, haipo sana sasa. Ilimlemaza mhandisi Washington Roebling mwaka 1872 katika ujenzi wa daraja la Brooklyn, New York, hata mkewe Emily akawa ndiye anayepeleka maagizo kazini kwa miaka zaidi ya 10. Misingi ya siku hizi huchimbwa zaidi kwa mashine kutoka juu. Wapiga mbizi, hata hivyo, bado wanahitajika katika madaraja ya maji mengi, na kwao kanuni ya kupanda juu polepole haijabadilika.

Nani atathibitisha

Kisheria, nchi haiko mikono mitupu. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulianzishwa mwaka 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kumpima afya mfanyakazi kabla ya kumpangia kazi na mara kwa mara akiwa kazini. Kipimo cha mwanzo ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa mtu wa vumbi, kwa sababu picha ya mapafu ya mwaka 2025 haisemi mengi kama hakuna ya mwaka 2005 ya kulinganisha nayo.

Kwa upande wa fidia, sheria ya zamani ya wakati wa mkoloni, Sura ya 263, ilikuwa imeachwa nyuma na maisha kiasi kwamba kiwango chake cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa Sh108,000, na kwa kifo Sh83,000. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kazi mwaka 2015. Huo ni mwaka wa tano baada ya Daraja la Umoja kufunguliwa. Aliyevuta vumbi katika ujenzi wa miaka ile alilivuta chini ya sheria ya Sh108,000.

Kwa walioajiriwa baada ya hapo hali ni bora zaidi. Mwajiri huchangia Mfuko, mfanyakazi hakatwi kitu, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo ndani ya fidia sawa na ajali. Lakini lazima ugonjwa uhusishwe na kazi, na hapo kibarua hukwama. Aliyeajiriwa kwa siku, akaandikwa kwenye daftari la nyapara kwa jina moja, labda la utani, na kulipwa mkononi Jumamosi, anaonyesha nini miaka 12 baadaye? Katika maoni ya mwandishi huyu, daftari hilo la nyapara ni kifaa cha afya kuliko kofia ngumu. Mwenye mradi, ambaye mara nyingi ni Serikali yenyewe kupitia wakala wa barabara, angeweza kuweka sharti kwamba malipo ya mwisho ya mkandarasi hayatoki hadi akabidhi orodha ya kila mtu aliyefanya kazi, kazi aliyoifanya, muda wake, na nakala ya vipimo vyake vya afya, kama anavyokabidhi michoro ya daraja.

Suala hilo si la historia tu. Barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, pamoja na daraja la Mwiti, imepangiwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kokoto zake hazitoki mchangani.

Kwa anayefanya kazi hizo sasa, vitu vya kutunza nyumbani ni vichache na havina uzito: barua au mkataba wa kazi hata kama ni wa mwezi mmoja, kitambulisho cha kambini, namba ya uanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, na majibu ya kipimo cha kifua cha siku ya kwanza na ya mwisho. Kwa aliyefanya zamani na sasa anakohoa, jambo la kufanya ni kumwambia daktari bila kusubiri kuulizwa: nilifanya kazi kwenye mashine ya kokoto, mwaka fulani, miezi kadhaa. Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliwashauri wenzake tangu mwaka 1700 kuongeza swali moja kwa kila mgonjwa, kwamba anafanya kazi gani. Kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, ambako daktari mmoja huona watu wengi kabla ya saa saba mchana, swali hilo huweza kusahaulika, na mgonjwa anaruhusiwa kulijibu kabla halijaulizwa.